Maganda mapya ya .300 Winchester Magnum: mkanda ni wa siku ya kwanza tu

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Idaho, Marekani, mwaka wa sita sasa. Nimenunua bunduki ya bolti ya .300 Winchester Magnum kwa ajili ya elki, yule kulungu mkubwa wa huku, na majira haya ya joto nimeanza kujaza risasi mwenyewe. Nimechukua maganda mapya 50, vile vikopo vya shaba vya risasi. Nilipoyapima begani nikayalinganisha na maganda ya risasi za dukani nilizopiga kwa bunduki hii hii, mapya ni mafupi kwa inchi 0.021. Kitabu cha kujazia kinasema risasi hii hukaa kwa mkanda, bega si hoja. Mwenzangu kwenye uwanja wa shabaha anasema nikiendelea hivi ganda litakatika vipande viwili. Nani mkweli? Halafu kuna jamaa kanipa maganda 20 aliyoyapiga mara moja kwa bunduki yake ya .300. Niyatumie?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja anazungumzia siku yake. Kitabu kinazungumzia ganda siku ya kwanza linapoingia chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Mwenzako anazungumzia ganda hilo hilo siku ya nne au ya tano, baada ya mtu kulijaza na kulijaza kwa kufuata kitabu neno kwa neno. Kazi yako ni kulivusha kutoka siku ile ya kwanza hadi ya pili bila kulichosha, na kuanzia hapo mkanda uusahau.

Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana Kiswahili cha mambo haya kila fundi ana chake. Kitako ni sehemu nene ya nyuma ya ganda inayobeba fataki, kile kidonge kinachowasha baruti. Mkanda ni ule ukingo ulioinuka kuzunguka ganda, mbele tu ya mfereji ambamo kikucha cha bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, hushika. Bega ni pale mwili wa ganda unapobana kuelekea shingo, na shingo ndiyo inayoshika kichwa cha risasi. Hedispesi ni kile kipimo kinachoamua ganda lisimame wapi ndani ya chemba, na kwa hiyo mwanya gani ubaki kati ya kitako na uso wa bolti. Thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi, milimita 0.0254. Si ile thau ya Nairobi inayonunua chakula cha mchana. Ganda lako basi ni fupi kwa thau 21, zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa macho huoni kitu. Kwa shaba inayobanwa na msukumo ambao kiwango chake cha juu kwa risasi hii ni psi 64,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), ni safari ndefu.

Mkanda wenyewe una asili yake, na asili hiyo inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko unavyodhani. Holland & Holland wa London walitoa risasi yao ya kwanza yenye mkanda mwaka 1905, na mwaka 1912 ikaja .375 H&H Magnum, ile ambayo wawindaji wa safari waliibeba Kenya na Tanganyika hadi ikawa kama kifaa cha nyumbani. Tazama umbo lake: mwili umeteremka kama mhunzi alianza kuuchonga na hakujua pa kuacha, na bega limelala kwa nyuzi 15 tu. Umbo hilo hutoka chembani kirahisi hata bunduki ikiwa imechemka kwa jua. Lakini kitu kilichoteremka namna hiyo hakina pa kusimamia. Ukingo mpana wa kitako, kama wa risasi za bunduki za mitutu miwili, ungelisimamisha vizuri, ila ungekwamakwama ndani ya magazini. Wakaweka mkanda: ukingo uliojificha. Mwaka 1925 wakaleta .300 H&H, ambayo bega lake limelala zaidi, nyuzi 8.5. Kwa risasi hizo mkanda ulikuwa na kazi ya kweli.

Wamarekani wakaichukua familia hiyo ya maganda, wakaifupisha, wakanyoosha mwili na kulisimamisha bega. Remington wakatoa 7mm Remington Magnum mwaka 1962, Winchester wakatoa hii yako mwaka 1963, yenye bega la nyuzi 25. Bega la namna hiyo linatosha kabisa kulisimamisha ganda chembani bila msaada. Mkanda ukabaki, kwa maoni yangu, kwa sababu mnunuzi alishazoea kwamba magnum ni kitu chenye mkanda. Hata wao wenyewe waliufikia ukweli huo baadaye: .300 WSM ya mwaka 2001 na .300 PRC ya 2018 hazina mkanda.

Sasa tuje kwenye tatizo lako. Kiwanda kikitengeneza ganda na kiwanda kingine kikichonga chemba, kitu wanachokubaliana kwa uangalifu ni mkanda. Viwango vya SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, vinataka umbali kutoka kitakoni hadi uso wa mbele wa mkanda uwe kati ya inchi 0.212 na 0.220. Chemba nayo inatakiwa iwe na nafasi ya 0.220 hadi 0.227. Fanya hesabu hiyo mwenyewe: ganda lililo chini kabisa ya kiwango likiingia kwenye chemba iliyo juu kabisa, kuna thau 15 za mwanya, na kila mtu amefuata sheria. Huo ni upande wa mkanda peke yake. Bega lenyewe ni mtoto wa kambo. Kwa kuwa halitegemewi kusimamisha kitu, chemba huchongwa mbele kwa ukarimu ili kila risasi ya kila kampuni iingie, na ganda hutengenezwa fupi kwa sababu hiyo hiyo. Thau 21 ulizopima hazinishangazi hata kidogo. Wala usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia maganda, na usipeleke bunduki kwa fundi kwa ajili ya hilo. Akiingiza vile vipimo vya chuma vya ndiyo na hapana vya risasi za mkanda, vitapita, kwa sababu vinapima mkanda, havigusi bega.

Tazama kinachotokea ndani mle. Pini inapiga fataki, na pigo hilo linasukuma ganda zima mbele mpaka mkanda ugonge ukingo wake chembani. Sasa mwanya wote uko nyuma, kati ya kitako na bolti. Baruti inawaka. Kuta za mbele za ganda ni nyembamba, kwa hiyo zinavimba kwanza na kung'ang'ania kuta za chemba kama mkono ulioloa ndani ya glavu ya mpira. Kitako ni kinene, hakivimbi, hakishiki kitu. Msukumo unakirudisha nyuma hadi kiegemee bolti. Mbele imeshikwa, nyuma inarudi: shaba lazima ivutike mahali, na huvutika pale unene unapokutana na wembamba, mbele kidogo ya mkanda. Wakati huo huo bega linapulizwa mbele kujaza zile thau 21 zilizokuwa hewa. Shaba ya kujaza pengo hilo haitoki mbinguni. Nyingine inatoka shingoni, na ndiyo maana ganda jipya baada ya pigo la kwanza huwa na shingo fupi kidogo. Nyingine inatoka kwenye ukuta.

Pigo moja la namna hiyo ganda zuri linalivumilia. Kinachoua ni mchezo wa kwenda na kurudi. Mtu anachukua ganda lililokwisha kujaa chemba, analitia kwenye kalibu ya kusawazisha, kile chuma chenye tundu kinacholibana ganda lirudi kipimo chake, iliyoshushwa hadi chini, anarudisha bega thau 20 nyuma, anapiga, linapulizwa tena thau 20 mbele. Chukua waya ukunje na kukunjua pale pale mara nne uone.

Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Miaka hiyo nilikuwa na 7mm Remington Magnum niliyoipenda kupita kiasi. Kalibu ilikuja na karatasi: ishushe iguse kishika-ganda, kisha ongeza robo mzunguko. Nikafuata. Mkanda si upo? Mara ya nne ya kujaza, kwenye benchi la shabaha, mlio ulikuwa ule ule na teke lile lile. Nikafungua bolti, kikatoka kipande cha shaba chenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, mviringo, ukingo wake unang'aa kama umekatwa kwa kisu. Sehemu iliyobaki ilikuwa bado chembani. Moshi ulikuwa umepenya hadi kwenye kioo cha miwani yangu. Nilipopasua wenzake kumi kwa msumeno wa chuma kwa urefu, sita walikuwa na mfereji ndani, mahali pale pale. Tangu siku hiyo sijazi bila miwani na sipigi bila miwani, na mtu akiniambia bega si hoja namwonyesha kile kipande, maana nimekiweka.

Basi anza kwa kupima mwanya wa mkanda wako, kwa sababu ndio utakaokuambia ujihangaishe kiasi gani. Huhitaji kifaa cha bei. Toa bolti, toa pini ya kupigia na springi yake, toa na kirusha-ganda kama unajua kukirudisha, ili bolti iwe inateleza bila kitu kinachoisukuma. Chukua ganda jipya tupu, lisilo na fataki wala baruti. Kata kipande cha selotepu, kibandike kitakoni, ukizungushe ukingo kwa wembe. Liingize, funga bolti kwa kidole kimoja. Ikifunga bila kuhisi kitu, ongeza tabaka la pili, la tatu. Ukifika pale mpini wa bolti unaanza kukataa, toa ganda, pima selotepu yote kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Tabaka moja mara nyingi huwa kama thau 2, lakini pima ya kwako. Fanya hivyo kwa maganda matano tofauti, maana hayalingani.

Ukipata thau 3 au 4, au chini ya hapo, nakushauri usifanye mbwembwe. Safisha midomo ya maganda, pitisha kipanulio ndani ya shingo kunyoosha zilizobonyea kwenye mfuko, kwangua ukingo wa ndani na wa nje, jaza, piga. Usilisawazishe ganda jipya kwa kalibu nzima. Tayari ni dogo kuliko chemba, unalipunguzia nini? Kuhusu baruti, anzia kiwango cha kuanzia cha kitabu chako kwa baruti na kichwa ulichonacho, panda kwa hatua hadi katikati ukiangalia dalili za msukumo, na usimame hapo kwa mzunguko huu wa kwanza. Risasi hizo 50 si za kutupa. Mazoezi ya kulala, ya kukaa, ya kuegemea mkoba, hayo yote yanafanyika nazo.

Kuna watu watakuambia ujaze kidogo sana, chini ya kitabu, ili ganda "lijifunze taratibu". Waache. Msukumo ukiwa hafifu kuta zinashika chemba lakini kitako hakina nguvu ya kurudi. Utakuta fataki imetokeza nje ya kitako na bega halijajaa, kwa hiyo umepoteza pigo na bado hujavuka. Na baruti za polepole zinazotumika kwenye magnum zina tabia mbaya zikijazwa chini ya kiwango. Kiwango cha kuanzia hakikuandikwa kama mapendekezo. Wengine wanapaka maganda mafuta ili yateleze badala ya kuvutika. Ni kweli yatateleza, na mzigo wote ambao kuta zingeubeba utaangukia bolti. Hilo nalikataa kabisa.

Kama selotepu ikikuonyesha thau 6, 8 au zaidi, hapo panahitaji ufundi. Njia moja ni kukalisha kichwa cha risasi mbele hadi kiguse matuta ya mifereji ya mtutu, ili chenyewe kilisukume ganda nyuma lilalie bolti. Wapiga shabaha wanaipenda. Kwa bunduki yako ya kuwindia siipendi, kwa sababu tatu ambazo nimezionja. Koo la mtutu wa kiwandani, yaani nafasi kati ya chemba na mifereji, mara nyingi ni refu, kichwa kikifika mbele kule shingo haikishiki tena vizuri, na .300 Winchester ina shingo fupi tangu kuzaliwa, inchi 0.264. Risasi inakuwa ndefu kuliko magazini. Na ukiamua kuitoa bila kupiga, kichwa kinaweza kubaki kimenasa mtutuni na baruti ikamwagika ndani ya mashine. Umewahi kuokota punje za baruti kwenye njia za bolti kwa kijiti cha meno? Zaidi ya hayo, kichwa kinachogusa mifereji kinapandisha msukumo, kwa hiyo ni lazima uanze chini.

Njia ninayoitumia mimi ni bega la uongo. Chukua kipanulio cha .338 chenye ncha iliyochongoka, paka ndani ya shingo mafuta kidogo ya kalibu, upanue shingo ya ganda jipya kutoka inchi .308 hadi .338. Shaba mpya ni laini, inakubali, ila nenda polepole. Sasa una ganda lenye shingo pana. Weka kalibu yako ya .300 kwenye presi, ile mashine ya mkono ya kubania, ikiwa juu sana, ubane sehemu ya mbele tu ya shingo. Toa, futa mafuta, jaribu kwenye bunduki, ile bolti bado haina pini. Haifungi. Shusha kalibu kidogo, bana tena, jaribu. Utafika mahali bolti inafunga kwa uzito mdogo, kama mlango wa kabati jipya. Hapo simama, funga nati ya kalibu. Ukiangalia shingo kwa pembeni utaona ngazi ndogo kati ya sehemu iliyobanwa na ile iliyoachwa pana. Ngazi hiyo ndiyo inayogusa bega la chemba na kulikandamiza ganda kwenye bolti. Pini ikipiga, ganda haliendi popote. Ukipiga mara moja, ngazi inapotea, bega linazaliwa mahali pake, na ukuta mbele ya mkanda haukuguswa.

Ni kazi ya jioni mbili kwa maganda 50. Hapa naongea kama mtu anayependa kazi hiyo, na najua si kila mtu ana jioni mbili. Kama mwanya wa mkanda ni mdogo, faida yake haiulipi muda.

Neno moja la pembeni kwa wenye .458 Winchester Magnum, maana najua wapo watakaosoma. Ganda lenu limenyooka, halina bega. Kwenu mkanda ndio kila kitu, siku ya kwanza hadi ya mwisho, na haya yote hayawahusu.

Umeshapiga mara ya kwanza. Toa fataki zote kabla ya kupima, kwa sababu fataki iliyotokeza hata thau 1 itakudanganya. Pima mabega ya maganda yote 50 kwa kalipa na kile kifuniko cha kupimia bega, andika, tafuta lile refu kuliko yote. Usishike namba hiyo kama Msahafu bado. Pigo moja halijazi chemba kabisa kila mara, na namba ya kuaminika mara nyingi huipata baada ya la pili au la tatu. Kama yote yanaingia na bolti inafunga bila kukataa, kwa mzunguko wa pili sawazisha shingo peke yake ukiweza, au mwili bila kugusa bega.

Siku ganda litakapoanza kukataa, hapo ndipo unapoweka kalibu. Presi nyingi hutumia thredi ya 7/8-14, maana yake mzunguko mmoja kamili wa kalibu ni inchi 0.0714. Gawanya kwa 360, utaona nyuzi 10 za mzunguko ni kama thau 2. Nyuzi 10 ni mwendo mdogo mno, chora alama ya kalamu kwenye kalibu na kwenye presi uone unachofanya. Anza kalibu ikiwa juu, bana, pima. Na hapa wengi hushtuka: bega kwanza linakwenda mbele. Ganda lililopitishwa kwenye kalibu hubanwa mwili kabla bega halijaguswa, na shaba iliyobanwa hukimbilia juu, kwa hiyo utaona ganda limerefuka thau 2 au 3 na bolti inakataa kuliko mwanzo. Usipaniki na kushusha kalibu robo mzunguko. Endelea kwa nyuzi zako 10. Namba itasimama, kisha itaanza kurudi. Ukifika thau 1 hadi 2 nyuma ya kipimo cha ganda lililojaa chemba, umefika. Kwa uwindaji, ambako kuna vumbi, theluji na vidole vilivyoganda, mimi huchagua 2.

Kalibu ikiwa haigusi kishika-ganda, matokeo huyumba kidogo kati ya ganda na ganda. Ndiyo maana wengi hununua seti ya vishika-ganda vilivyoinuliwa kwa thau 2, 4, 6, 8 na 10. Kalibu inagusa kwa nguvu kila mara, wewe unabadilisha kishika-ganda tu. Mpini wa presi ukifika mwisho, ushikilie hapo uhesabu hadi nne. Shaba ina kiburi cha kurudi ilikotoka, na hesabu hiyo inakipunguza. Paka mafuta kiasi kile kile kila ganda. Na pima urefu wa ganda zima: likizidi inchi 2.620 kata, wengi hukata hadi 2.610.

Baada ya mizunguko mitatu au minne unaweza kukutana na ugonjwa mwingine unaofanana na huu lakini si huu. Bega lina kipimo sahihi, kalipa inaapa, na bado bolti haitaki kufunga. Sababu ni kwamba kalibu ya kawaida haifiki chini kabisa mpaka kwenye mkanda, kwa hiyo pale juu yake tu ganda linavimba kidogo kidogo, kama tumbo juu ya mshipi wa suruali. Mtu asiyejua anadhani ni bega, anashusha kalibu, anarudisha bega thau 10, tatizo halijaisha, na sasa ameongeza lile la kwanza. Kabla hujagusa kalibu, paka ganda wino mweusi wa kalamu nene, begani na juu ya mkanda, liingize, funga, litoe. Wino uliofutika begani, shusha kalibu kidogo. Wino uliofutika pale juu ya mkanda, tafuta kalibu ya koleti iliyotengenezwa kwa maganda ya mkanda, ambayo inabana kipande kile tu. Wino hausemi uongo, na kalamu yenyewe ni dola moja na nusu.

Kila unapojaza, nyoosha klipu ya karatasi, kunja ncha yake iwe kama ndoano ndogo, inoe. Iingize ndani ya ganda hadi chini, ivute juu ukikwaruza ukuta. Mbele kidogo ya mkanda, ikikwama kama ukucha kwenye ufa, ganda hilo limekwisha, liponde kwa koleo ili lisirudi kwenye kopo kwa bahati mbaya. Nje nako angalia pete inayong'aa kuzunguka ganda sehemu hiyo hiyo. Alama hafifu ya kalibu ni kawaida na inachanganya watu, kwa hiyo amua kwa ndoano. Yatunze maganda 50 kama kundi moja, andika kwenye boksi yamepigwa mara ngapi, na kabla ya kwenda porini pitisha kila risasi ya kuwindia kwenye bunduki, mtutu ukiwa umeelekea mahali salama pale uwanjani. Risasi isiyoingia bora uijue Jumamosi kuliko mbele ya elki.

Yale 20 ya jamaa yako: yamejaa chemba ya mtu mwingine. Bega lake linaweza kuwa mbele ya lako, au nyuma, na juu ya mkanda yanaweza kuwa yamevimba kuliko chemba yako inavyokubali. Jaribu matano yakiwa tupu. Yasipoingia, ukiyabana utakuwa unayarudisha nyuma hatua ambayo hujui alianzia wapi. Yakiingia kirahisi, pima bega. Kama yako ndani ya thau 3 au 4 ya maganda yako uliyokwisha kupiga, yapitishie ndoano, yaweke boksi lake peke yake na uyatumie kwa mazoezi. Yakiwa mafupi kwa thau 15, hayana tofauti na mapya ila shaba yake imeshavutwa mara moja, na wewe hukuwepo kuona ilivutwa vipi. Mimi ningemrudishia na shukrani.

Na kwa wanaosoma hapa wakiwa nyumbani, Afrika Mashariki: haya ni majibu kwa mtu aliye Idaho, anayeishi chini ya sheria za huko. Ulizeni mamlaka za silaha za nchi zenu kabla hamjanunua hata kopo la fataki.

Ukishapata namba ya selotepu niandikie, pamoja na urefu wa koo la mtutu wako kama umeupima. Ikiwa chini ya thau 4, tayari unajua cha kufanya na hunihitaji.